Anasoma Darasa la Tatu. Je, Anajua Kusoma?



Somo la robo hii linahusu kusoma. Tumelichagua kwa sababu katika maombi ya miradi yanayofika ofisini kwetu, neno "elimu" karibu kila mara linafuatwa na mabati, saruji, madawati na matundu ya vyoo. Vyote hivyo vinahitajika na hatuvipingi. Lakini ni mara chache sana tunapokea ombi linalotaka kujua kama watoto wanaokalia madawati hayo wanaweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuuelewa.

Lugha yetu yenyewe inachangia kulificha jambo hili. Tunaposema "mtoto anasoma" tunaweza kuwa na maana mbili: kwamba anakwenda shule, au kwamba ameshika maandishi na anayafahamu. Mzazi akiulizwa habari za mwanawe hujibu, "Anasoma darasa la tatu," na mazungumzo yanaishia hapo. Swali la pili halipati pa kuingilia. Nchini Uganda Wakristo wa mwanzo waliitwa "wasomaji", kwa kuwa aliyetaka kubatizwa alifundishwa kwanza kusoma. Leo mtu anaweza kuitwa msomi na asiwe amefungua kitabu tangu siku ya mtihani wake wa mwisho, lakini hiyo ni habari nyingine.

Tulikotoka

Kwa Walutheri jambo hili si geni. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka wafungue na kutunza shule, na mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo, kitabu ambacho baba wa nyumba angeweza kukitumia kuwafundisha watoto wake. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Ujerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha misioni cha Uingereza, alitumia miaka mingi kukusanya maneno ya Kiswahili, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Shule nyingi za kwanza katika maeneo yetu zilianza kama vibanda vya kusomea kando ya kanisa.

Baada ya Uhuru kazi hiyo ilibebwa na taifa zima. Mwaka 1971 wilaya chache, zikiwamo Ukerewe, Mafia na Kilimanjaro, zilitakiwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, kisha kampeni ikaenea nchini kote. Wazee wetu wengi wa kanisa walijifunza kusoma katika madarasa hayo ya jioni, baadhi yao wakiwa tayari na wajukuu. Viongozi wa wakati ule walielewa pia kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma atasahau, ndiyo maana kukawa na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa. Magazeti hayo yalipopotea, vijiji vingi vilibaki na Biblia, kitabu cha nyimbo, na karatasi ya kufungia maandazi.

Kisha ukaja wakati wa kujaza madarasa. Mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 ulifuta ada ya shule za msingi, na tangu Januari 2016 elimu bila ada ilifikishwa hadi kidato cha nne. Watoto waliitikia kwa wingi, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila kuingia darasani ni hatua moja na kujua kusoma ni hatua nyingine. Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo, iliyowapima watoto nyumbani kwao, ilionyesha kwamba chini ya theluthi moja ya wanafunzi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Miongoni mwa waliokuwa wanamaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano hakuweza. Matokeo hayo yalizua mjadala mkubwa, na mwaka 2015 Serikali ikaanza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotanguliza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani zile KKK tatu. Sehemu kubwa ya vipindi vya madarasa hayo ikapewa stadi hizo, na walimu wengi wakapewa mafunzo.

Namna mtoto anavyojifunza kusoma

Wanakamati wengi hutuambia kwamba mambo ya ufundishaji ni ya walimu. Ni kweli, lakini huwezi kusaidia kazi usiyoijua inavyokwenda, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kusoma huanzia sikioni. Kabla mtoto hajaona herufi yoyote anahitaji kusikia kwamba neno limeundwa kwa vipande. Mwambie apige makofi kwa neno "kitabu": ki-ta-bu, makofi matatu. "Maji", mawili. Mchezo huu hauhitaji hata chaki, na bibi asiyejua herufi hata moja anaweza kuucheza na wajukuu jikoni. Mtoto aliyeuzoea akifika shuleni ana nusu ya safari mkononi.

Hatua inayofuata ni kuunganisha sauti na herufi, na hapa ndipo wengi wanapotea. Jina la herufi na sauti yake ni vitu viwili. Herufi M tunaiita "me", lakini sauti yake ni midomo iliyofungwa na mvumo unaotokea puani. Mtoto aliyefundishwa majina peke yake akikutana na "meza" atasema "me-e-ze-a", na hakuna njia ya kutoka hapo hadi kwenye meza anayoijua. Ndiyo maana mtaala wa 2015 ulisisitiza sauti. Mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani kwa njia aliyofundishwa yeye zamani anaweza kumchanganya bila kujua, kwa hiyo ni vizuri mwalimu wa darasa la kwanza apewe robo saa katika mkutano wa wazazi aonyeshe anavyofundisha.

Kiswahili kina bahati. Irabu zake ni tano na kila moja hubaki na sauti yake popote ilipo. Mtoto akishika a, e, i, o, u, kisha ma, me, mi, mo, mu, anaweza kusoma maneno mengi katika muda mfupi kuliko mwenzake wa Uingereza, ambaye herufi zake hubadilisha sauti kila zinapohama. Kwa sababu hiyo mtoto wetu anayefika darasa la tatu bila kusoma hana kisingizio cha ugumu wa maandishi. Kuna kitu kimekosekana: muda, kitabu, mwalimu, afya, au chakula.

Hata hivyo kuna kilima, nacho kipo kwenye konsonanti zinazofuatana. Mtoto aliyekuwa akienda vizuri na "baba" na "kaka" anakutana na "mbwa", "nywele", "ng'ombe" na "mchwa". Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Kagera wataelewa mfano huu: "mbuni" ndege ana silabi mbili, mbu-ni, lakini "mbuni" mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni. Herufi ni zilezile, kinachoamua ni maana ya sentensi. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia moja hawezi kumsikiliza kila mmoja akipanda kilima hiki. Wanaokwama hukaa kimya nyuma, na kimya chao huonekana kama utulivu.

Lugha za nyumbani nazo zina sehemu yake. Watoto wengi wa sharika zetu za vijijini hukutana na Kiswahili kwa wingi mara ya kwanza shuleni. Katika lugha zetu kadhaa "r" na "l" hazitenganishwi, na "th" na "dh" hazipo kabisa, hivyo "kura" na "kula" huwa kitu kimoja mdomoni, na "thamani" hutoka kama "samani". Anayempima mtoto ajue tofauti hii. Mtoto akitamka "kula" pale palipoandikwa "kura", lakini akakueleza kwamba watu walikwenda kuchagua mwenyekiti wa kijiji, huyo amesoma. Matamshi yatarekebishwa polepole. Kumkatiza kila neno mbele ya wenzake ni kumfundisha kunyamaza.

Kisha kuna kasi. Kwa nini kasi? Kwa sababu kumbukumbu ya mtoto ni fupi. Anayetafuta silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo, na hata akitamka maneno yote kwa usahihi habari yenyewe haimfikii. Tanzania imewahi kuweka lengo la maneno 50 kwa dakika kwa mwanafunzi anayemaliza darasa la pili. Wahisani wetu wa ng'ambo wamewahi kutuuliza kwa nini lengo ni dogo hivyo wakilinganisha na watoto wa kwao. Jibu liko kwenye lugha. Neno letu moja, "hawakutuambia", linabeba mtendaji, ukanushi, wakati uliopita, mtendewa na kitendo. Kwa Kiingereza ungehitaji maneno matano. Kuhesabu maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa kipimo kimoja ni sawa na kulinganisha magunia bila kuuliza ukubwa wake.

Mwisho ni ufahamu, ambao ndio kusudi la yote yaliyotangulia. Swali la "Nani alikwenda sokoni?" linajibika kwa kunakili jina kutoka kwenye kifungu. Swali la "Kwa nini alirudi bila kuuza?" linadai mtoto afikiri. Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba ulitegemea zaidi maswali ya kuchagua jibu, na shule nyingi zikafundisha kwa kufuata mtihani. Insha, kusimulia, methali na mashairi vilisukumwa pembeni kama mapambo. Kwetu sisi hilo ni hasara kubwa. Somo la lugha ndilo mahali pekee katika ratiba ambapo mtoto anafundishwa kupanga mawazo yake mwenyewe na kuyasema mbele ya watu.

Kukariri na kusoma

Tunaomba walimu wa kipaimara wasome sehemu hii kwa makini. Mtoto mwenye sikio zuri anaweza kushika ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzake wakiuimba. Darasani kitabu kimoja kinapozungukwa na watoto sita, anayekaa upande wa juu hukiona kichwa chini miguu juu, na bado "anasoma" pamoja na wengine bila kukosea. Ukimsikiliza unafurahi. Ukiweka kidole kwenye neno lililo katikati ya mstari na kumwuliza, "Hili ni neno gani?" anarudi mwanzo wa mstari na kuimba tena mpaka afike pale.

Katika madarasa ya kipaimara jambo hili ni rahisi zaidi kutokea, kwa kuwa Amri Kumi na Imani ya Mitume watoto wamezisikia tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Kukariri si kosa. Yaliyo moyoni hayaibiwi, na wapo wazee wetu vipofu wanaojua zaburi nyingi kuliko wachungaji. Lakini mwalimu wa kipaimara asichukue kukariri kuwa ushahidi wa kusoma. Mtoto huyu atakwenda kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kusoma kwa wepesi katika lugha anayoielewa hana ngazi ya kupandia lugha ya pili. Atanakili ubaoni kwa miaka minne, kisha tutasema hakuwa na akili.

Gharama yake inaonekana pia nje ya shule. Mama asiyejua kusoma humpa mtoto simu amsomee ujumbe wa fedha zilizoingia. Mkulima hupewa karatasi ya mkopo wa pembejeo aweke kidole gumba. Maelezo ya dawa ya kuogesha ng'ombe yameandikwa kwenye chupa, na kipimo kikikosewa hasara ni ya mfugaji.

Kinachoweza kufanywa na usharika

Tunapendekeza jambo la kwanza liwe kujua hali ilivyo, kwa njia isiyogharimu kitu. Baada ya shule ya Jumapili kamati ya elimu ikae na watoto kumi wa darasa la tatu na la nne, mmoja mmoja, mahali pasipo na watazamaji. Andaeni kifungu cha sentensi nne au tano ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukiona, kuhusu mambo ya kawaida kama mbuzi aliyepotea au safari ya mnadani. Msitumie Yohana 3:16 wala sehemu yoyote ya Katekisimu, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Mtoto asome. Kisha mwonyesheni maneno matatu bila kufuata mpangilio. Kisha mwulizeni maswali mawili, moja ambalo jibu lake limeandikwa na moja la kufikiri. Andikeni idadi tu: wangapi walisoma na kuelewa, wangapi walisoma bila kuelewa, wangapi waliishia kwenye maneno au silabi, wangapi hawakutambua herufi.

Majina yasiandikwe, na matokeo yasitangazwe ibadani. Tunasisitiza hili kwa sababu tunazijua sharika zetu na wepesi wetu wa kutangaza. Matokeo yapelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu kwa mazungumzo ya faragha, na ikibidi kwa Afisa Elimu Kata. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto wengi na vitabu vichache hahitaji kushtakiwa na kanisa, na akiona kwamba mmekuja na msaada mkononi atawaambia mwenyewe shida iko wapi.

Msaada gani? Vitabu vya hadithi, vifupi, vya Kiswahili, vyenye picha. Vitabu vya kiada hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo pia ina maktaba mtandao kwa walio na intaneti, lakini mtoto hazoei kusoma kwa kitabu cha kiada peke yake. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba hadithi nzuri za watoto zinaweza kuandikwa na Watanzania wenyewe na kuchapishwa hapahapa nchini. Usharika unaoezeka nyumba ya mwinjilisti unaweza kupunguza bati chache na kununua sanduku la vitabu. Watoto wayafurahie maandishi bila mtihani mbele yao.

Hapa tuna ombi la pekee: vitabu vitumike. Tumetembelea shule ambako vitabu vya hadithi vimefungiwa kabatini vikiwa safi kama vilivyotoka kiwandani, kwa sababu aliyekabidhiwa anaogopa kudaiwa vikipotea. Kamati iamue tangu mwanzo, na iandike katika muhtasari, kwamba vitabu vitachakaa, vingine vitachanika na vichache havitarudi, na kwamba hakuna atakayelipishwa. Mhisani anayetaka kuona vitabu vyote vizima baada ya miaka miwili atakuwa amenunua fanicha.

Wahisani, tunajua ugumu wenu. Darasa lililojengwa linapigwa picha, linawekwa kibao, na utepe hukatwa. Mtoto aliyepita kutoka silabi hadi aya hana mahali pa kubandika kibao. Katika taarifa zetu zijazo tutawaletea hesabu za namna ile tuliyoeleza, watoto wangapi walikuwa wapi mwanzoni mwa mwaka na wako wapi mwishoni, hata pale ambapo hazitapendeza. Tunawaomba mzisome kwa subira ileile mnayoitumia kusubiri jengo lifikie lenta.

Wazazi wasiojua kusoma wasiachwe nyuma katika mpango huu. Wanaweza kumwambia mtoto awasomee kila jioni ukurasa mmoja, kisha wamwambie afunge kitabu na kuwasimulia. Masimulizi yakiyumba, mzazi atajua. Na wale wanaotega vitendawili baada ya chakula wanafanya kazi ya somo la lugha kuliko wanavyodhani, kwa kuwa mtoto mwenye maneno mengi kichwani huyatambua haraka anapoyaona kwenye karatasi.

Maswali ya kujadili katika kamati

Katika usharika wetu, nani anamsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma, na kwa dakika ngapi kwa wiki? Je, kuna kitabu chochote cha hadithi ambacho mtoto wa mtaa wa mbali anaweza kukiazima bila kupita kwa mtu anayemwogopa? Bajeti yetu ya elimu ya mwaka jana ilikwenda kwenye nini, na nani aliamua?

Kamati zitakazofanya upimaji zitume idadi zao, bila majina, kupitia kwa Mkuu wa Jimbo kabla shule hazijafunguliwa. Zitakazohitaji mfano wa kifungu cha kusomea zitapata nakala katika ofisi ya miradi ya dayosisi.